Mwenye Mvua na Mwenye Mfereji

Mwenye mvua hushukuriwa kabla ya mwenye mfereji.

Ndiyo, nimesema, na nitasema tena hata mgeni rasmi akinuna. Mmesimama mbele ya kanisa zima, kwaya nzima, mkamshukuru mheshimiwa kwa mabati. Mkamshukuru mke wa mheshimiwa. Mkamshukuru na dereva wake! Halafu mwisho kabisa, watu wameshaanza kujifunga vitenge waondoke, ndipo mkakumbuka: "Na Mungu pia." Na Mungu pia! Sasa mmenizunguka mnaniuliza, bibi, ule msemo umeutoa wapi? Haya, vuteni mabenchi. Wewe Sifuni, weka hiyo simu mfukoni. Msemo ule una kwao, na kwao ni huku huku milimani Upare. Ulizaliwa kwenye mfereji, asubuhi ya kiangazi, watu wakiwa na njaa na hasira, na nitawaambia ulivyozaliwa.

Zamani hizo mashamba yote ya upande huu yalikunywa kutoka mfereji mmoja. Maji yalitoka kwenye kijito kule msituni, yakateremka mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo lililo juu ya mashamba. Usiku ndiva inajaa taratibu. Asubuhi kizibo kinatolewa, na maji yanakwenda kwa mwenye zamu. Leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani. Asiyepata zamu yake wakati wa kiangazi, shamba lake linakufa, hakuna njia nyingine.

Njia ya mfereji ule iliwahi kupimwa kwa macho na mzee mmoja wa ukoo wa Mgonja, mtu wa watu, aliyejua kuyabembeleza maji yapite pembeni ya jabali. Wenzake wakachimba, yeye akawaongoza. Kwa sababu hiyo, watu walijiwekea desturi. Kabla kizibo hakijatolewa, mwenye zamu anasimama chini ya ndiva, anasema, "Asante Mgonja kwa mfereji." Basi. Desturi njema kabisa. Mtu akikutendea wema, mshukuru, hata kama amekufa siku nyingi.

Mzee yule akafa, mwanawe akashika kizibo, naye akafa, kikaja kwa mjukuu. Huyu naye tulimwita Mgonja. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, tena alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili anakaa benchi la mbele na anapitisha kapu la sadaka. Lakini alipenda sifa, jamani! Kidogo kidogo shukrani zikaota pembe. Kwanza watu wakaacha kusema "kwa mfereji", wakasema "Asante Mgonja kwa maji." Yeye akatabasamu, hakusahihisha. Baadaye mmoja aliyetaka kupendwa akasema, "Mgonja, wewe ndiwe maji yetu." Siku ile kizibo kilitoka mapema na kurudishwa kwa kuchelewa. Wengine wakaona. Haukupita muda kila mtu akawa anasema vile, wanaume na ndevu zao. Nani anataka ugomvi na mwenye kizibo?

Alikuwepo mwanamke mmoja, Naelijwa, aliyeolewa huku kutoka mlima wa pili. Mumewe ni Eliakunda, msuka matenga, mtu mpole ambaye hata kuku akimnyang'anya kiti angekaa chini. Naelijwa yeye alilelewa na mama aliyemtaja Mungu katika kila kitu, na si kwa makelele. Akiwasha moto, anashukuru. Akishika jembe asubuhi, anainamisha kichwa kwanza. Mtoto wake, Elinami, hakuwahi kumega tonge kabla mama yake hajasema amina. Watu walimzoea hivyo, wakamtania, "Naelijwa, leo umeshamshukuru Mungu kwa chumvi?" Naye anajibu, "Kwa chumvi, na kwa ulimi wa kuionja, na kwa ninyi wachokozi."

Zamu yake ikifika, alishuka pale chini ya ndiva, akapiga goti moja kwenye majani, akasema, "Asante Mungu kwa mvua. Na asante Mgonja kwa mfereji." Kisha anainuka, anashika jembe lake. Alisema hivyo miaka na miaka na hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu mtu akiwa na kizibo mkononi huwa anasikiliza jina lake tu.

Mpaka siku Mgonja alipokuja na wageni. Mgonja alikuwa ameleta wakwe zake watarajiwa kutoka tambarare, anataka kuwaonyesha jinsi alivyo mtu mzito. Amewapanga juu ya ukingo wa ndiva, wanatazama. Naelijwa akapiga goti, akasema maneno yake. Mkwe mmoja akauliza, "Kumbe mvua inatangulia?" Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka tu. Mgonja akakunja uso.

"Mama Elinami," akaita. "Rudia."

Naelijwa akarudia vile vile.

"Hapana. Sema kama wenzako wanavyosema."

"Wenzangu wanasemaje, mzee?"

"Usijifanye mgeni. Mgonja ndiye maji yetu. Sema hivyo, halafu ukitaka kusali, nenda kasali shambani kwako."

Naelijwa akafikiri kidogo. Hakuwa mtu wa ugomvi. Akasema, "Mzee wangu, nitakushukuru mchana kutwa ukitaka. Babu yako alituletea mfereji, na wewe unautunza. Lakini wewe si maji. Wewe unakunywa maji kama mimi. Siwezi kukutanguliza mbele ya aliyeyanyesha."

Mwe! Wageni wakatazama chini. Mgonja akashika kizibo, akakipigilia zaidi badala ya kukitoa. "Basi mwambie huyo aliyeyanyesha akunyeshee," akasema. "Zamu ya nani inayofuata?"

Hivyo ndivyo zamu ya Naelijwa ilivyofungwa. Siku ile alidhani ni hasira za mbele ya wageni tu. Zamu iliyofuata akaja na jembe lake, akapiga goti, akasema maneno yale yale, kizibo hakikutoka. Na iliyofuata, vivyo hivyo. Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni, maharage yanatambaa chini yake, na kiangazi ndiyo kwanza kinakaza.

Akaanza kuchota maji korongoni. Anashuka na mtungi, anapanda na mtungi, anamwagia mashina kwa kata, shina moja moja. Mnaujua mlima wetu. Magoti yanalia kupanda mikono mitupu, sembuse na mtungi kichwani. Eliakunda alimsaidia, lakini kila wakipumzika anaanza.

"Mama Elinami, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeubusu. Nimemwambia asante kila zamu. Yeye anataka niuabudu."

"Ni maneno tu. Mungu anaona moyo."

"Moyo wangu Mungu anauona," Naelijwa akajibu, "lakini mdomo wangu anausikia Elinami. Nikisema Mgonja ndiye maji, kesho Elinami atapiga goti kwa nani?"

Eliakunda akachukua mtungi. Hakuwa amekubali, alikuwa amechoka kubishana.

Sasa sikilizeni jambo lililowaudhi watu kuliko yote. Naelijwa hakuacha kuja kwenye zamu yake. Anajua hapewi, na bado anakuja! Anashuka pale mbele ya mfereji mkavu, anapiga goti, anasema kwa sauti ya kawaida, "Asante Mungu kwa mvua. Na asante Mgonja kwa mfereji." Kisha anainuka na kuondoka na jembe lake kavu. Wengine walimcheka. Bibi Namsemba, jirani yake, kikongwe mwenye ulimi mkali, akamuuliza, "Mwanangu, unashukuru kwa ukavu?"

"Nashukuru kwa mvua, bibi."

"Mvua ipi? Mimi naona vumbi."

"Iliyonyesha mwaka jana ukala, na itakayonyesha. Mgonja amefunga mfereji. Mbingu hajazifunga."

Bibi Namsemba akaguna. Aliondoka akinong'ona kwamba mtoto huyu ana kichwa kigumu, lakini siku ile, watu walisema, alipofika kwake alishindwa kula.

Kiangazi kikakaza kweli. Kijito kikawa kamba nyembamba, ndiva ikawa haijai hata nusu kwa usiku mmoja. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja. Na mahindi ya Naelijwa, pamoja na mitungi yote ile, yalikuwa yametoa ndevu, wakati ule ambao hindi likikosa maji halibebi kitu. Alijua. Kila mkulima anajua. Kama hayakunywa wiki ile, nyumba yake ingekula mizizi mpaka mwaka mwingine, na Elinami alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, amebaki macho tu.

Mgonja naye alijua. Akatuma neno: zamu ya Naelijwa ikifika, aje, na ndiva yote atafunguliwa yeye, maji yote yaliyokusanywa kwa siku kadhaa. Ila aseme kama wenzake, mbele ya watu wote.

Asubuhi ile mji mzima ulikuwa kwenye ndiva. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kwa umbeya, wacha niseme ukweli. Mgonja amesimama juu ya ukingo, kofia kichwani. Naelijwa amekuja na mumewe, mtoto amefungwa mgongoni. Alikuwa amekonda mpaka mabega yametokeza. Chini yake shamba lake linaonekana lote, kijani kilichoanza kugeuka rangi ya majani makavu.

"Mama Elinami," Mgonja akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, alikuwa anabembeleza. "Maji haya hapa. Mimi si mtu wa roho mbaya. Neno moja tu, tumalize."

Naelijwa akatazama maji. Msidhani hakuyatamani. Aliyatazama mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. Akasikia mtoto anahema mgongoni. Kisha akapiga goti palepale alipozoea, akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa hasira, si kwa woga.

"Asante Mungu kwa mvua! Na asante Mgonja kwa mfereji!"

Watu wakashusha pumzi. Mmoja akasema, "Ala, mwanamke huyu!" Mgonja akatikisa kichwa.

"Utaua mtoto kwa ukaidi."

"Mtoto huyu hukumpa wewe," Naelijwa akasema. "Wala hilo jua, wala hayo maji. Wewe umepewa kizibo tu, mzee. Kifunge ukitaka. Nitarudi zamu ijayo niseme hivi hivi, na mahindi yakifa nitasema hivi hivi juu ya mabua."

Mgonja akaona amezidiwa na maneno ya mwanamke mbele ya mji. Akaacha kumtazama, akamgeukia mumewe. "Eliakunda, wewe ndiwe mwenye nyumba. Shamba ni lako. Sema wewe, mkeo akae na goti lake."

Hapo Naelijwa akainua uso. Hakuwa amelifikiria hilo. Alimjua mumewe, mtu wa kuepa shari, aliyekuwa amemsihi usiku na mchana amalize kwa neno moja. Na neno lake lingetosha, kwa kuwa Mgonja alikuwa hatafuti kingine ila lisikike. Akamtazama kutoka pale chini. Angemwambia nini? Alikuwa ameshasema yote korongoni.

Eliakunda akasogea mbele. Akavua kofia yake. Akatazama shamba, akatazama mtoto mgongoni kwa mkewe. Watu wote walijua atakachosema. Hata Mgonja alikuwa ameshainama kushika kizibo.

Eliakunda akapiga goti kando ya mkewe.

"Asante Mungu kwa mvua," akasema.

Mgonja akabaki ameinama.

"Na asante Mgonja kwa mfereji," Eliakunda akamalizia, taratibu, kama mtu anayesoma. Halafu akaongeza, na hili hakuna aliyemfundisha, "Ndivyo tunavyosema kwetu."

Naelijwa akalia sasa waziwazi, wala hakujificha. Mgonja akasimama wima, uso umemwiva. "Vizuri! Wote wawili wamekosa zamu! Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Bibi Namsemba. Kikongwe akajikokota na mkongojo wake mpaka chini ya ndiva. Goti lake lilikuwa haliinami miaka mingi, akaegemea bega la Eliakunda, akashuka hivyo hivyo, mifupa inalia.

"Bibi, wewe usiumie," Mgonja akasema. "Sema tu ukiwa umesimama."

"Ngoja nishuke!" kikongwe akafoka. "Kwako nilisema nimesimama. Huyu ninayemsemesha sasa si saizi yako." Akafika chini, akavuta pumzi. "Asante Mungu kwa mvua! Na wewe Mgonja, asante kwa mfereji. Haya. Nifungie na mimi. Nimeshakula miaka ya kutosha."

Mtu akacheka, kicheko cha mshtuko. Mgonja akasema, "Anayefuata." Akaja mwingine, akapiga goti, akasema vile vile. "Anayefuata!" Akaja yule yule aliyekuwa wa kwanza kumwambia Mgonja ndiye maji yetu. Amekuja ameinamisha uso, lakini goti alilipiga, na neno akalisema kama Naelijwa. Mwishowe Mgonja hakuita tena. Watu walikuja bila kuitwa, wakajaa pale chini, wamepiga magoti kwenye vumbi, na ndiva imejaa juu yao, na mashamba yote chini yao yana kiu. Mwenye kizibo alibaki peke yake juu ya ukingo, maji tele, na hakuna wa kumpa.

Bibi Namsemba akainua kichwa. "Mgonja, mwanangu. Nikuulize, na unijibu kama mzee wa kanisa. Jumapili ile ulisimama mbele yetu, ukafumba macho, ukaomba mvua. Ulikuwa unamwomba nani? Ulikuwa unajiomba mwenyewe?"

Mgonja akatazama kizibo. Mlijue jambo hili: hakuwa mtu mbaya, nimeshasema, alikuwa mtu aliyesifiwa kwa muda mrefu bila kukatazwa. Alisimama pale mpaka jasho likamtoka chini ya kofia. Kisha akaivua. Akainama, akashika kizibo kwa mikono yote miwili, akakizungusha na kukivuta.

Maji yakatoka.

Sasa hapo wako wanaowadanganya vijana kwamba mbingu zilipasuka, mvua ikanyesha palepale. Waongo hao! Mvua haikunyesha mpaka majira yake, na watu waliumia. Naelijwa mwenyewe alivuna nusu ya shamba, ile nusu ya chini, kwa sababu juu mahindi yalikuwa yameshakufa. Mwaka ule walikula uji mwepesi, na majirani wakawapa kilichokuwepo. Alilipia lile goti, na hakuwahi kusema hakulipia. Lakini maji yalipoanza kushuka mferejini asubuhi ile, watu wote wakikimbilia majembe, yeye hakukimbia. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akamtazama Mgonja juu ya ukingo, akasema kwa adabu kabisa, "Asante, mzee, kwa mfereji." Akamshukuru wa pili, kama siku zote. Ndipo akalifuata jembe lake.

Mgonja hakuomba radhi. Hata siku moja. Alikuwa wa aina hiyo, na Naelijwa hakumdai. Zamu zikarudi zilivyokuwa, kila mtu akasema maneno ya Naelijwa, na Mgonja akatoa kizibo bila kuinua macho.

Nyinyi mnadhani msemo ule aliutunga Naelijwa. Sivyo. Naelijwa alikuwa na maneno yake ya goti tu, hakuhitaji mengine. Ulikuja mwaka uliofuata, mvua zimenyesha vizuri na ndiva imefurika. Akaja kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka kazini mbali, ameoa juzi, hajui yaliyotokea, ila anakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakisema zamani. Zamu yake ikafika. Akasimama chini ya ndiva, kifua mbele, akataka apendwe. "Mgonja!" akapaza sauti. "Wewe ndiwe maji yetu!"

Naelijwa alikuwa shambani kwake, chini kidogo, akasikia. Akasimamisha jembe. Watu wote waliokuwa karibu wakasimama. Juu ya ukingo Mgonja alikuwa ameshika kizibo, akakiachia.

"Nyamaza," akasema. Kijana akashtuka. "Piga goti, na wala si kwangu. Usinisababishie tena yale ya mwaka jana. Huku kwetu mwenye mvua hushukuriwa kabla ya mwenye mfereji. Haya, anza upya."